Maji na Makazi katika Uwanda wa Makonde

Wapo watu ulimwenguni ambao hufuga samaki wa bahari ndani ya nyumba zao. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la kuonyesha samaki walio hai kwa watu wote, na mwaka uliofuata mtaalamu Philip Henry Gosse alitoa kitabu cha kufundisha namna ya kuyaweka maji ya bahari katika kioo yasiharibike upesi. Tangu hapo mchezo huo umeenea katika nchi nyingi. Anayetaka kuuanza huonywa na waliomtangulia kwamba asianze kwa kununua samaki, bali aanze kwa kuikagua nyumba. Lita moja ya maji ya bahari huzidi kilo moja kwa uzito, kwa hiyo sanduku la lita 500, pamoja na vioo na mawe yake, huilemea sakafu kwa zaidi ya nusu tani. Jua likiingia dirishani huyatia maji joto na ukungu wa kijani. Tena maji hupaa hewani kila siku na chumvi hubaki, na yaliyopungua hujazwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Hata mtu anayefuga kipande cha bahari, basi, hawezi kuendelea kama hana kisima chema karibu naye.

Shughuli hiyo ni ya anasa, wala si kila mtu anayeihitaji. Lakini maswali yake si ya anasa hata kidogo. Maji yatatoka wapi? Nani atayaleta? Yatawekwa katika nini, na yatakaa safi kwa muda gani? Nyumba inaweza kubeba nini? Maswali hayo ni ya kale kuliko kioo, na ipo nchi katika kusini ya Tanzania ambayo watu wake wamelazimika kuyajibu kila walipotaka kujenga. Nchi hiyo ni uwanda wa juu wa Makonde na mabonde yanayouzunguka, na miji yake inayostahili kutazamwa kwa pamoja ni Masasi na Newala. Masasi iko chini, penye maji. Newala iko juu, pasipo na maji. Historia ya sehemu hiyo, kwa muda wa karne moja na nusu, ni historia ya watu kuhama baina ya makazi ya namna hizo mbili, na kila mara kujifunza kwamba jema la pahali hulipiwa kwa ubaya wake.

Yafaa kwanza maumbile ya nchi yenyewe yaelezwe. Mto Ruvuma uko kusini, na mto Lukuledi uko kaskazini. Baina ya mito hiyo ardhi huinuka polepole kutoka pwani ya Mtwara na Mikindani kuelekea magharibi, mpaka ifikapo kimo cha meta 900 hivi. Kisha hukatika ghafula kama meza iliyofika ukingoni. Huko Newala upo mteremko mkali ambao wenyeji wameuita Shimo la Mungu. Mtu akisimama pale huona nchi ya chini imetandazwa mbele yake kama mkeka, na siku ya hewa safi huona mpaka upande wa Ruvuma. Kwa upande wa Masasi nchi ni ya namna nyingine: ni tambarare iliyosimama majabali makubwa ya mawe matupu, na miguuni pa majabali hayo maji hupatikana bila ya taabu kubwa.

Mtu asiyeijua nchi aweza kudhani kwamba uwanda wa juu hauna maji kwa sababu hauna mvua. Sivyo. Mvua hunyesha vizuri, kiasi cha milimeta 1,000 kwa mwaka, kuanzia Desemba hata Aprili. Sababu ni udongo. Uwanda umefunikwa kwa mchanga na mawe ya mchanga yanayopitisha maji kama chujio la tui. Mvua ikinyesha huzama, hushuka chini sana, na hukutana na tabaka isiyopitisha maji. Hapo hutafuta njia ya pembeni, na hutokea kwa chemchemi katika miguu ya mteremko. Hivyo mvua ya mlimani hunywewa bondeni. Juu hakuna mto unaotiririka, wala ziwa. Yapo mashamba, mikorosho, na hapo zamani kulikuwa na kichaka kinene ambacho mtu asiyekizoea hakuweza kupenya bila ya panga.

Swali lililowashangaza wageni wote ni hili: Wamakonde, watu wenye akili na kazi, kwa nini walijenga juu, mahali ambapo mtungi mmoja wa maji uligharimu nusu ya siku? Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig, alikaa Newala kwa wiki kadhaa mwaka 1906, akalitafakari jambo hilo. Kabla yake padre mmoja wa Kijerumani alikwisha kuandika jibu ambalo Wamakonde wenyewe walilitoa kwa njia ya hadithi. Ilisemwa kwamba hapo mwanzo alikuwapo kiumbe mmoja, peke yake porini, hanawi wala hanyoi. Akachonga mti kwa sura ya mtu, akausimamisha juani. Ulipopambazuka mchongo ule ulikuwa mwanamke, naye akamwoa. Wakashuka kukaa karibu na Ruvuma, na mtoto wao akazaliwa maiti. Wakahama wakaenda mahali pengine pa bondeni, na mtoto wa pili akazaliwa maiti pia. Ndipo waliporudi juu, katika kichaka cha nchi ya Mahuta. Huko mtoto wa tatu alizaliwa, akaishi, akawa mzazi wa watu wote. Kutokana na hayo yakatoka maagizo kwa vizazi: msikae mabondeni, msikae karibu na maji makubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na mauti.

Hadithi hii si ya kuchekwa. Mwaka 1897 Ronald Ross alithibitisha huko Bara Hindi kwamba viini vya malaria hukua ndani ya mbu. Mbu huzaliwa katika maji yaliyotuama, na mabonde ya Ruvuma na Lukuledi hayakosi maji ya namna hiyo. Mabondeni walikuwako mbung'o pia, na wanyama wakali wajao kunywa. Wazee waliosimulia habari ya mchongo wa mti hawakumjua Ross wala darubini yake, lakini walikuwa wamezika watoto, na makaburi yaliwafundisha hesabu. Walijua kwamba maji huleta uhai kwa mkono mmoja na kuuchukua kwa mkono mwingine. Wakachagua kukaa mbali na maji, na kuyaendea yanapohitajiwa, kama mtu amwendeavyo mkopeshaji: huenda kwa haja, na hafanyi nyumba ugani pake.

Sababu ya pili ilikuwa vita. Katika karne ya 19 njia za biashara ya watumwa zilitoka Ziwa Nyasa zikapita katika nchi hii kwenda Lindi, Mikindani na Kilwa. Aliyekaa karibu na njia na maji alionekana, na aliyeonekana aliweza kukamatwa. Baadaye ukaja uvamizi wa Wangoni, ambao watu wa pande hizo waliwaita Magwangwara. Kichaka cha uwanda wa juu kilikuwa ngome isiyojengwa na mtu. Adui aliyepanda mlima alifika na kiu, na hakuyajua mapito. Mwenyeji alikuwa na maji yake katika mtungi na njia yake kichwani.

Ukweli huo wageni wa misheni waliupata kwa gharama kubwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Watu waliookolewa katika majahazi walikuwa wengi, na Askofu Edward Steere wa misheni ya vyuo vikuu, yule yule aliyejenga kanisa juu ya uwanja wa soko lile na kuandika vitabu vya Kiswahili, alitaka kuwapatia makazi bara. Mwaka 1876 alitoka na kundi la watu walioachwa huru, wakapitia Lindi, wakielekea upande wa Nyasa ambako wengi wao walikuwa wametolewa. Lakini walipofika Masasi waliona ardhi yenye rutuba, majabali ya kivuli, na maji. Watu wakachoka kwenda mbele, na mahali pakawapendeza. Kijiji kikaanzishwa pale pale.

Kwa kipimo cha mjenzi, Masasi ilikuwa na kila kitu. Maji yalikuwa karibu, mawe ya msingi yalikuwa karibu, shamba lilikuwa mlangoni. Nyumba zilisimama, bustani zikatiwa maji, na watu ambao miaka michache kabla walikuwa wamefungwa minyororo walikuwa na mlango wa kufunga wenyewe usiku. Miaka sita ilipita. Septemba 1882 Magwangwara wakashuka. Kijiji kilichojengwa mahali wazi, kando ya njia, penye maji na chakula, hakikuweza kufichwa. Kiliporwa na kuchomwa, baadhi ya watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Na wapo waliokuwa wameokolewa utumwani mara ya kwanza ambao siku ile walitekwa mara ya pili. Chauncy Maples, aliyekuwa mkuu wa kituo, alishughulika kuwakomboa aliowaweza.

Baada ya msiba huo kituo kilihamishiwa Newala, kwa himaya ya mkuu Matola wa Wayao. Msomaji ataona maana ya kuhama huko. Watu wale waliacha maji ili wapate usalama. Walipanda ule mlima ambao Wamakonde waliupanda kabla yao, kwa sababu ile ile, wakaanza kujifunza maisha ambayo mtungi hupimwa kwa jasho. Masasi haikuachwa milele. Miaka iliyofuata misheni ilirudi huko, kanisa likajengwa tena, likachomwa tena katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, likajengwa mara nyingine. Mwaka 1926 Masasi ikawa makao ya askofu, Vincent Lucas akiwa wa kwanza, na baina ya miaka 1960 na 1968 askofu wake alikuwa Trevor Huddleston, aliyejulikana duniani kwa kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Amani ilipokuja, watu walishuka wakayafuata maji. Hatari iliporudi, walipanda. Makazi ya nchi hii yalikuwa kama maji kupwa na maji kujaa.

Wamisionari Wabenedikto nao walipata somo lao. Vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao vilichomwa mwaka 1905. Mwaka 1906 walipoanza upya, walichagua Ndanda, mahali ambapo si juu ya uwanda wala si katikati ya tambarare, bali ni miguuni pa mteremko wenyewe, pale ambapo mvua iliyozama juu hutokea kwa chemchemi. Ndanda ikakua, ikawa na abasia, hospitali kubwa, shule na karakana. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara, lakini mahali pa namna ile hapawezi kuwatosha watu wote. Chemchemi ni chache, na watu ni wengi.

Lakini ngome isiyo na maji ni ngome mpaka adui atambue kwamba haina maji. Jambo hilo lilionekana waziwazi katika Vita Kuu ya kwanza. Wajerumani walikuwa wamejenga boma pale Newala, juu ya ukingo, mahali ambapo macho hutawala nchi yote ya chini. Mwaka 1916 majeshi ya Wareno yalivuka Ruvuma, yakapanda, na Oktoba yakalikalia boma hilo. Wajerumani hawakuhitaji kulivunja kuta. Walikwenda kwenye maji, yaliyo mbali na boma, wakayashika. Kisha wakalizunguka boma na kusubiri. Waliokuwa ndani walikuwa na bunduki, mizinga, na kuta nene, ila hawakuwa na kitu cha kutia kinywani. Mwisho wa Novemba, usiku, waliliacha boma, wakakimbilia ng'ambo ya Ruvuma. Mlima uliowalinda Wamakonde uliwashinda Wareno, na tofauti haikuwa ya silaha wala ya ushujaa. Mwenyeji alijua njia zaidi ya moja ya kuyafikia maji. Mgeni alitegemea njia moja, nayo ilipozibwa, nyumba yake ikawa kaburi.

Mpaka hapa habari imesimuliwa kama kwamba gharama ya kukaa juu ililipwa na watu wote kwa usawa. Haikuwa hivyo. Aliyechagua mahali pa kujenga kwa kawaida alikuwa mwanamume: mzee wa ukoo, mkuu, askofu au ofisa. Aliyeshuka mteremko na kupanda tena akiwa na mtungi juu ya ngata alikuwa mwanamke, na nyuma yake binti yake mwenye kibuyu. Safari ilianza kabla ya kucha. Katika kiangazi, chemchemi zinapopungua, kulikuwa na kungoja kisimani mpaka maji yajikusanye, na aliyechelewa alichota tope. Kisha kulikuwa na kupanda, mamia ya meta kwa kimo, hali mzigo wa karibu kilo 20 uko kichwani na pengine mtoto yuko mgongoni. Hayo si mambo ya siku moja ya msiba. Ni mambo ya kila siku, mwaka kwa mwaka, tangu usichana hata uzee. Jambo la kufikiriwa zaidi ni kwamba Wamakonde kwa desturi yao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mchongaji wao humheshimu mama kuliko sura nyingine yoyote. Mama alikuwa shina la ukoo, na juu ya shina hilo mtungi uliwekwa.

Tena maji yaliyofika kwa taabu yalitumiwa kwa hesabu. Wageni waliandika kwa dharau kwamba watu wa mlimani hawakuoga vya kutosha. Mwandishi wa namna hiyo alikuwa ameletewa maji yake ya kuogea na mtu mwingine. Pahali ambapo debe moja ni safari ya nusu siku, kipimo cha usafi hakiwezi kuwa kile cha mtu anayekaa kando ya mto. Kuosha chakula, kunywa, kumwogesha mchanga, haya yalitangulia. Mengine yalisubiri mvua.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha shirika la kupandisha maji katika uwanda wa Makonde kwa mashine na mabomba. Mpango ule ulitajwa sana wakati wake, kwa sababu ulikuwa miongoni mwa mipango mikubwa ya maji vijijini katika Tanganyika. Maji yalitolewa bondeni, yakasukumwa juu, yakauzwa kwa watu katika vituo. Kwa mara ya kwanza maji yalipanda mlima bila kichwa cha mtu. Lakini mashine nayo hunywa. Kila lita iliyopandishwa ilihitaji mafuta, kila mafuta yalihitaji fedha, na bomba lililopasuka lilihitaji fundi na kipuri kutoka mbali. Mtu maskini aliyeshindwa bei alirudi kwenye njia ya bibi yake.

Baada ya Uhuru mzigo huo ulipokewa na serikali ya taifa. Mwaka 1971 ilitangazwa nia ya kumpatia kila mwananchi wa vijijini maji safi karibu naye kwa muda wa miaka 20, na tangu mwanzo wa miaka hiyo ya 1970 Finland ilisaidia kwa muda mrefu miradi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Chanzo kikubwa cha maji ya uwanda kikawa Mitema, katika bonde la Kitangari, na Masasi na Nachingwea nazo baadaye zikapata maji kutoka chemchemi za Mbwinji. Wakati huo huo serikali iliingilia lile swali la kwanza, la mtu akae wapi. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kukaa katika vijiji ni amri, na watu wengi wa nchi hii waliokuwa wametawanyika katika mashamba yao walikusanywa pamoja. Hoja ilikuwa kwamba bomba haliwezi kuifuata kila nyumba kichakani. Hoja hiyo ilikuwa na kweli yake. Lakini nyumba nyingine zilisogezwa mbali na mikorosho iliyopandwa na wenyewe, na mikorosho iliyoachwa ilifunikwa na kichaka. Taifa lililovuna tani 145,000 za korosho katika msimu wa 1973/74 liliona mavuno yakianguka miaka iliyofuata, na ingawa sababu zilikuwa nyingi, umbali wa mkulima na mti wake ulikuwa mmoja wao. Hapo tena jema la pahali lililipiwa.

Pamoja na mipango yote hiyo, jibu lililoenea kimya kimya katika Newala, Tandahimba na vijiji vyao halikutoka katika ofisi. Lilitoka katika paa. Paa la nyasi huyavuta maji na kuyatia rangi na taka. Paa la bati huyaacha yateleze yakiwa karibu safi kama yalivyotoka mawinguni. Mkulima aliyeuza korosho zake vizuri alinunua mabati kwanza, na aliponunua mabati alifikiri kuhusu mfereji wa ukingoni, na baada ya mfereji alichimba kisima uani, akakijengea kwa saruji ndani, akakifunika. Mvua iliyokuwa ikizama mchangani na kwenda kutokea bondeni ilikamatwa kabla haijagusa ardhi.

Hesabu yake ni rahisi, na yafaa kuwekwa wazi. Paa lenye eneo la meta 60 za mraba, likinyeshewa milimeta 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 60,000. Tuseme moja ya tano hupotea kwa kurukia nje na kwa kuosha vumbi la mvua ya kwanza; hubaki lita 48,000. Jamaa ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, hutumia lita 120. Kiangazi cha siku 180 huwadai lita 21,600. Kwa hiyo kisima cha ukubwa huo, kikiwa kimejaa mwisho wa Aprili, huwafikisha watu wa nyumba hiyo katika kiangazi bila mtu kushuka mteremko. Paa ni lile lile linalowakinga; ila limefundishwa kazi ya pili.

Kutokana na hayo, mtu wa Newala anayekagua nyumba ya kununua au kupanga ana desturi ya macho yake. Hatazami dirisha kwanza. Hutazama bati kama limeshika kutu; hutazama mfereji kama unaelekea mahali pake; huuliza kisima kina kina gani, kimejengwa lini, kama kina ufa. Huuliza mabomba ya serikali hutoa maji siku ngapi kwa wiki. Hutazama mti ulio juu ya paa, kwa kuwa majani na vinyesi vya ndege vitaingia katika kikombe chake. Na akiwa mwenye hekima hutazama mfuniko, kwa maana kisima kilicho wazi huzaa mbu. Hapa hadithi ya mchongo wa mti hurudi na onyo lake: babu walipanda mlima kuyakimbia maji yaliyotuama, nao wajukuu wakiyaleta maji nyumbani bila kuyafunika, wameyaleta maradhi ya bondeni mpaka kitandani.

Sasa yaweza kulinganishwa nyumba ya mtu huyo na ile ya mfuga samaki iliyotajwa mwanzo. Wote wawili huanza kwa maji, na wote wawili hujua kwamba nyumba ni chombo kabla haijawa pambo. Tuseme mtu mwenye mapenzi ya bahari anataka kuweka sanduku lake Masasi, kiasi cha kilometa 200 kutoka Mtwara. Akipenda kuondoa lita 50 kila wiki na kutia nyingine, Masasi haitamsumbua sana, maadamu bomba linatoa. Lakini akipanda Newala na sanduku lile lile, zile lita 50 ni madebe karibu matatu. Na hapo zamani madebe matatu yalikuwa safari tatu za mwanamke mlimani, yaani kazi ya zaidi ya siku nzima kwa ajili ya samaki watatu wa rangi. Hakuna sheria inayomkataza. Ila mtu hawezi kusema kwamba ameichagua nyumba vizuri kabla hajajua maji yake yamepita juu ya kichwa cha nani.

Mkataa pema, wahenga walisema, pabaya panamwita. Historia ya Masasi na Newala yaonyesha kwamba pema na pabaya havikai mbalimbali. Masasi ilikuwa pema kwa maji na pabaya kwa vita. Newala ilikuwa pema kwa afya na usalama, na pabaya kwa kiu. Wazee wa Makonde hawakukosea walipopanda. Askofu Steere hakuwa mpumbavu aliposimama Masasi. Hata waliosukuma maji kwa mashine walijibu haja ya kweli. Kosa lililorudiwa ni moja tu, nalo ni kwamba katika kila uchaguzi mwenye kubeba mtungi hakuulizwa. Angeulizwa, huenda bado angekubali kukaa juu, kwa kuwa naye aliwapenda watoto wake kuliko shingo yake. Lakini huenda pia paa lingefundishwa kazi yake ya pili mapema zaidi, na visima vya uani vingechimbwa kabla ya vizazi viwili vya mabinti kumalizika njiani. Nyumba njema ya nchi hiyo, basi, hujulikana alfajiri: ni ile ambayo mlango wake ukifunguliwa, mtoto wa kike hutoka na daftari, wala hatoki na ndoo.